Mvueni Mtoto Nguo, Barua Baadaye

Mlinipa dakika kumi. Nilipofika ukumbini pale Likoni kuzungumza nanyi, wahudumu wapya wa afya ya jamii na manesi mliotoka chuoni juzi, bibi aliyekuwa akiendesha ratiba aliniinamia sikioni akanisihi niseme maneno ya kutia moyo, nisiingie kwenye lawama, maana wakubwa wamo. Nikasema maneno ya kutia moyo. Mkapiga makofi, mkanipa chupa ya maji, nikarudi kwangu Mtongwe nimefura hata chai ikanishinda kunywa.

Kabla yangu alisimama bwana mmoja na picha zake ukutani. Akaonyesha nyumba ya makuti, akasema kina mama wanaozalia nyumbani ni wakaidi, hawajali watoto wao, na kazi yenu ni kuwakomesha. Mkacheka. Wengine mkaandika. Mimi nilikuwa nimeketi mbele kabisa, nesi wa miaka thelathini na ushei, na sikuinua mkono. Basi leo naandika yale niliyoyameza siku ile. Hapa hapana wakubwa wala saa ya ukutani.

Naitwa Riziki. Wengi wa kwetu walinijua kwa Sista Riziki. Miaka yangu mingi niliifanya katika dispensari moja ya huku Likoni, na michache upande wa Changamwe. Wazazi wangu walikuwa wakulima, watu wa minazi na mihogo, na mama alituzaa sote sita nyumbani. Kwa hiyo mtu akisema "wale wa nyumbani" akakunja pua, ajue ananisema mimi.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni kumkagua mtoto mchanga. Kumzalisha mama ni kazi yenye sifa, watu hukushukuru na kukuletea kuku. Kumkagua mtoto hakuna anayekushukuru, maana ukiifanya vizuri, mara nyingi huoni kitu. Unamvua nguo zote, unamtazama utosini mpaka nyayoni, mbele na nyuma. Unahesabu pumzi zake. Unamtazama kinywani, machoni, kitovuni, nyonga, miguu, na kule nyuma anakotokea choo, kama kuna tundu. Unamuuliza mama kama amekojoa, kama ananyonya. Ukienda kwa utulivu ni muda wa kupika chai ya rangi. Na bado nimeona watoto wengi wakipita mikononi mwa watu watatu waliosoma, na hakuna hata mmoja aliyewavua kofia.

Msidhani ni watoto wa nyumbani tu. Nilipokuwa upande wa Changamwe alikuja mama kutoka Mikindani, mkewe dereva wa malori, watu wa bara. Mtoto wake wa kike alikuwa na siku tisa, na alizaliwa hospitali. Kijitabu chake cha kliniki kilikuwa kisafi, kimepigwa muhuri, na penye ukaguzi wa mtoto pameandikwa neno moja: mzima. Mama akanitazama kama mtu aliyechoka kuomba, akaniambia, "Sista, maziwa inatoka kwa mapua."

Alikuwa ameshakwenda kwingine mara mbili. Mara zote aliambiwa hajui kunyonyesha, amkalishe mtoto vizuri, aache uvivu. Mtoto alikuwa amekonda, ngozi ya mapaja imelegea. Mdomo wake kwa nje ulikuwa mzuri kama uliochorwa. Nikanawa, nikawasha tochi, nikaubonyeza ulimi kidogo, nikatazama mpaka nyuma. Kaakaa lilikuwa limepasuka, mwanya wazi wa kupitisha ncha ya kidole. Aliyeandika "mzima" hakuwahi kumtazama mtoto huyu kinywani. Aliandika mkono ukiwa juu ya karatasi na macho yakiwa mlangoni.

Nilimfundisha yule mama kumkalisha mtoto wima na kumnywesha maziwa yake mwenyewe kwa kikombe kidogo, taratibu, na nikamwandikia kwa madaktari wa upasuaji. Alifanyiwa, akapona. Lakini siku ile mama alilia pale kitini kwa jambo jingine kabisa. Alilia kwa sababu siku tisa nzima aliamini kwamba yeye ndiye mbaya. Hilo halikumtokea nyumba ya makuti. Lilimtokea mikononi mwetu, na bwana wa picha hakulitia ukutani.

Sasa nije kwa Mwanajuma. Hapa hasira yangu inanigeukia mwenyewe, na nawaomba msiniruke mkadhani nazidisha.

Mwanajuma alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, anakaa Shika Adabu, mumewe kibarua bandarini. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Hakukosa kliniki hata moja. Alikuwa amepanga kila kitu kwenye mfuko: leso mpya, pamba, kofia ya sufu, nguo za mtoto. Uchungu ulipomshika alichukua tuktuk asubuhi mpaka dispensari yetu, akakuta lango lina mnyororo na karatasi ya kuandikwa kwa mkono. Tulikuwa tumegoma.

Nami nilikuwa mmoja wa waliogoma. Nilikuwa barabarani na tawi la majani mkononi, naimba na wenzangu, na madai yetu yalikuwa ya haki, siyakani hata leo. Lakini tumbo la Mwanajuma halikujua kugoma. Akarudi kwake, na akazalishwa na Bi Mwanasiti, mkunga wa mtaa ule, mwanamke aliyewapokea nusu ya watu wazima wa pale. Mtoto akatoka wa kike, analia vizuri, wakamwita Mishi.

Mgomo ukaisha, tukarudi kazini. Siku ya tatu ya Mishi, Mwanajuma akaja dispensari saa mbili asubuhi. Wakati ule mkubwa wetu wa dispensari alikuwa ameweka utaratibu: waliozalia nyumbani waketi kwenye benchi la ukutani, waitwe wenzao wakishamalizika, na mtoto asifunguliwe kijitabu mpaka mama alete barua ya naibu wa chifu ya kuthibitisha amezaliwa wapi na lini. Ilikuwa ni kuwaadabisha, hakuna jina jingine. Na aliyeketi mezani kuutekeleza utaratibu huo alikuwa mimi.

Nilimwita Mwanajuma adhuhuri inakaribia. Akaniamkia shikamoo, nikajibu marahaba bila kuinua uso. Akasema Bi Mwanasiti amemtuma, anataka nesi amtazame mtoto macho, na kwamba mtoto analala mno na hanyonyi sawasawa. Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nikiwauliza wote waliokaa benchi lile.

"Kwa nini ulizalia nyumbani?"

Akasema kwa sauti ya heshima kabisa, "Mlango ulikuwa umefungwa, sista."

Niliona haya. Na nitawaambia jambo msilolisoma chuoni: nesi akiona haya, mara nyingi haya hutoka ikiwa ukali. Nikamwambia sheria ni sheria, alete barua kwanza. Na kuhusu macho, nikamwambia watoto wengi hupiga manjano kidogo, amtoe nje apate jua la asubuhi. Mtoto alikuwa amefungwa leso mbili, kofia mpaka kwenye nyusi, na wanja umepakwa machoni kama ilivyo desturi yetu. Nilichokiona kwa Mishi siku ile ni ncha ya pua.

Mwanajuma akashukuru, akaondoka. Yaani akanishukuru.

Naibu wa chifu alikuwa amekwenda mazishini. Kesho yake pia hakuwepo. Mwanajuma alikaa nje ya ofisi ile siku mbili na mtoto mapajani, akimtoa juani kama nilivyomwagiza mimi. Siku ya sita akaja na barua, imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni isilowe jasho. Akaiweka mezani kwangu kabla hajaketi. Mtoto akalia, na ile sauti ilinisimamisha. Ilikuwa nyembamba, ya juu, kama ya paka. Nikamfungua leso. Alikuwa wa manjano mpaka nyayoni, na mgongo wake umejipinda kwa nyuma kama upinde.

Tulivuka naye kwa feri mimi na mamake, nimemkumbatia kifuani. Hospitali wakambadilisha damu, wakamweka chini ya taa za samawati. Damu ya mama na ya mtoto hazikupatana, wakasema, na manjano yameshapanda kwenye ubongo. Daktari aliniuliza kando mtoto amekaa wapi siku zote hizi. Nikamwambia alikuwa akitafutiwa barua.

Mishi aliishi. Tulirudi tukasema alhamdulillahi, na mkubwa wetu akasema mnaona, hawa wa nyumbani hutuletea watoto wameshaharibika. Nikanyamaza tena.

Miezi ikapita. Nikawa namwona Mishi akiletwa chanjo, shingo haijakaza, mikono inacheza bila mpango. Siku moja mwenzangu aliangusha sinia ya chuma pale sakafuni, watoto wote wa chumba kile wakashtuka na kulia. Mishi aliendelea kutazama pazia. Nikaenda nyuma yake nikapiga makofi. Nikapiga tena. Mwanajuma alikuwa ananitazama, na nikaona ameshajua kabla yangu.

Nilimwambia mkubwa wetu nataka kwenda nyumbani kwa yule mama nikamweleze kosa langu. Akanikataza, akasema nitajiletea kesi na nitaivunjia dispensari heshima. Nikaenda Ijumaa baada ya swala. Mwanajuma alikuwa uani anamenya muhogo, Bi Mwanasiti ameketi naye kwenye mkeka. Nikaketi chini. Nikamweleza yote, kwamba siku ya tatu ile manjano yangeonekana, kwamba yangetibika kabla hayajamharibu masikio na viungo, kwamba jua nililomwagiza si dawa, na kwamba mkosaji ni mimi, si yeye wala mkunga.

Hakulia, wala hakupandisha sauti. Aliendelea kumenya mpaka akamaliza kipande alichokishika, akakitia kwenye sufuria ya maji. Kisha akasema, "Ungemvua tu, sista. Zilikuwa leso mbili."

Nimesemwa na wakubwa, nimeandikiwa barua za kuonywa, nimetukanwa na walevi wodini. Hakuna neno lililonikata kama hilo.

Bi Mwanasiti ndiye aliyenisindikiza mpaka njiani. Nilikuwa nalia. Akaniambia kulia nitalia kwangu, kesho saa mbili kuna mtoto wa siku moja nyumba ya tatu kutoka msikitini, nije nimkague, na nije na tochi yangu. Hakuningoja nijibu, akageuka akarudi zake.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi upya, na umri wangu ule. Nilikwenda kwa siri mwanzo, kabla ya zamu, maana dispensari haikuruhusu. Bi Mwanasiti hakujua kusoma, lakini alikuwa na jicho la kuogopesha. Siku ya kwanza alinirudisha nikavue pete na kunawa mpaka viwiko. Siku ya pili akanigombeza kwa kumshika mtoto na mikono baridi. Nilipomtoa mtoto nguo chumbani akaniuliza nitaona nini mle gizani, akanionyesha nimlaze karibu na mlango, penye mwanga wa mchana lakini upepo haumpigi. Watoto wetu ni weusi, ngozi haikwambii upesi. Alinifunza kumfuta wanja kwa pamba ya maji, kumbonyeza puani na kifuani kwa kidole na kutazama rangi kabla damu haijarudi, kisha kumtazama ufizi, viganja, nyayo. Mimi nilijua majina ya magonjwa. Yeye alijua pa kutazama. Nami nikamfunza la kwangu, kwamba manjano ya siku ya kwanza hayangojewi hata saa moja, na kwamba habari ya jua tuizike.

Kulikuwa na mengine ya kuchekesha. Nyumba moja mama mkwe aliziba mlango, akasema mtoto haonwi na mgeni kabla ya arobaini. Bi Mwanasiti akaniambia nisibishane, niombe uji. Nikanywa vikombe vitatu vya uji wa pilipili manga, jasho linanitoka, namsikiliza mama mkwe akinihesabia wajukuu wake wote. Kikombe cha tatu kilipoisha alinyanyuka mwenyewe akamleta mtoto, akasema mimi sasa si mgeni. Ningetoa kitambulisho cha kazi pale, ningeona mgongo wa mlango tu.

Na kile kidude cha kupima oksijeni, kile cha kumvisha mtoto mguuni kikatoa mwanga mwekundu. Vililetwa viwili na wageni wafadhili, tukapigwa picha navyo, wageni wakaondoka, na siku hiyo hiyo vikafungiwa kabatini visije vikapotea. Vilikaa kabatini miezi. Nikauliza vinamsaidia nani mle ndani, nikajibiwa ni mali ya ofisi. Nikamsumbua mkubwa wetu mpaka akanipa kimoja ili ayapumzishe masikio yake. Mara ya kwanza kukitumia kikanionyesha nambari ya kutisha. Nikambeba mtoto mbio mpaka barabarani, mamake nyuma yangu leso inamdondoka, tukasimamisha bodaboda. Hospitali wakampima, mzima kabisa. Mguu wake ulikuwa baridi, ametoka kuogeshwa. Bi Mwanasiti alicheka wiki nzima. Basi shikeni hilo: pasha mguu joto kwanza kwa kiganja chako, pima mkono wa kulia na mguu, ngoja nambari itulie. Lakini ukikosea, kosea ukikimbilia hospitali.

Mwanajuma hakusema nami kwa muda mrefu zaidi ya salamu. Nilikuwa nikipita namwona na Mishi uani. Nilimtafutia nafasi ya mazoezi ya viungo, kisha shule yenye darasa la watoto wasiosikia. Mishi akajifunza kuzungumza kwa ishara. Mikono yake haitulii, kwa hiyo ishara zake ni pana, zinachukua ua mzima, na mwalimu alipata shida mwanzoni. Mamake hakupata shida hata siku moja.

Bi Mwanasiti akatangulia mbele ya haki. Nami nikastaafu, nikapewa saa ya ukutani na keki.

Nilikuwa na miezi minne nyumbani Mwanajuma aliponipigia simu, asubuhi, nachambua mchicha. Alikuwa na mimba ya pili na nilijua amepanga kujifungulia hospitali, mfuko tayari. Lakini uchungu ulimjia kwa kishindo alfajiri ile, na tuktuk ilipofika mtoto alikuwa ameshatoka, jirani yake amempokea. Sasa ilikuwa saa nne ya mchana. Sauti yake ilikuwa tulivu. Akasema, "Naona macho kama ya dadake."

Nilifika nikamkuta amemlaza mtoto karibu na mlango, amemvua kila kitu, amemfunika leso nyepesi tu. Wa kiume. Mishi ameketi kando yake. Nikanawa, nikambonyeza kifuani. Hakuwa ametimiza hata saa sita duniani na kidole changu kiliacha alama ya manjano. Nikamfunika, nikamwambia Mwanajuma twende. Alikuwa ameshavaa viatu.

Tulikwenda hospitali moja ya upande wetu huku huku, ambayo sasa ina zile taa. Pale mapokezi aliketi nesi kijana, sura ngeni kwangu, nami nilikuwa kwenye buibui langu na kandambili, bibi kama bibi yeyote. Mwanajuma akasema mtoto amezaliwa leo alfajiri nyumbani na ana manjano. Yule nesi hakuinua uso. Akauliza barua ya naibu wa chifu iko wapi. Kisha akauliza kwa nini alizalia nyumbani.

Wanangu, nilimsikia mtu ninayemjua. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe, miaka minane nyuma, na ilikuwa haijabadilika hata neno. Nilistaafu, nikafundisha, nikasema mikutanoni, na swali lile lilikuwa limekaa pale pale mezani likingoja mtu mwingine alichukue.

Nilimpokea mtoto kutoka kwa Mwanajuma, nikamlaza juu ya lile daftari kubwa la mapokezi, juu ya kalamu yake, nikamfunua. Watu wa foleni wakasogea. Nikasema, "Mtazame. Ukishamtazama, uniambie barua ni ya nini."

Akafungua kinywa kunikemea. Kisha akamtazama. Nilimwona akibonyeza kifua kwa kidole, kama alivyofundishwa, kama ambavyo angefanya tangu mwanzo laiti pasingekuwa na karatasi baina yake na mtoto. Akanyanyuka akambeba akaenda naye ndani karibu kwa mbio, na Mwanajuma nyuma yake. Hakuna aliyeuliza barua tena.

Mtoto alikaa chini ya taa siku tano. Hawakuhitaji kumbadilisha damu. Kabla ya kutoka walimpima masikio kwa kile kidude kidogo cha kutia sikioni, kulia, kisha kushoto. Anasikia kwa yote mawili.

Yule nesi kijana alinitafuta siku ya tatu, macho mekundu. Aliniomba radhi, akasema ameukuta utaratibu hivyo. Nikamwambia mimi pia niliukuta hivyo, na nikamwambia habari za Mishi kama nilivyowaambia nyinyi. Sikumtuliza. Nikamwambia akaombe radhi kwa Mwanajuma, na akamuulize mkubwa wake ni sheria gani inayosema mtoto asitazamwe mpaka apatikane mwenye muhuri. Barua ni ya kuandikisha kizazi. Hilo lina siku zake, linaweza kungoja. Damu ya mtoto haiwezi. Nasikia alimuuliza kweli, na nasikia alihamishwa kitengo. Haya ndiyo mambo niliyotakiwa nisiyaguse ukumbini.

Kwa hiyo msije mkaniambia habari za wakaidi. Nimeingia nyumba hizo. Nimekuta aliyefungiwa lango, aliyeshikwa ghafla, aliyetukanwa alipozaa wa kwanza akaapa hatarudi, ambaye barabara yake ya Magogoni ilijaa maji ya mvua hakuna chombo kinachopita. Nimekuta na wakaidi, ndiyo, wawili watatu. Watoto wao nao walikuwa na vifua, na macho, na nyayo za kutazamwa, na hawakuchagua pa kuzaliwa. Kama hospitali ni bora, na mimi naamini ni bora, basi mlango wake usiwe na ulimi wa kuuma. Na aliyezalia nyumbani umfuate leo, usimngoje aje kujitetea.

Nilikwenda kumwona Mwanajuma mtoto alipotimiza arobaini. Wamemwita Rama. Alikuwa analia kwa njaa, na Mishi amemwekea kiganja kifuani, anakisikiliza kile kilio kwa mkono, anacheka. Mwanajuma alinipa mtoto nimshike huku akijifunga leso vizuri. Hajawahi kuniambia amenisamehe, na mimi sijamuuliza. Akaketi, akampokea mwanawe, akamnyonyesha. Kisha akaniambia kuna binti nyumba ya pili, mimba yake ya kwanza, anaogopa hospitali, huenda akazalia pale pale.

"Na wewe ushastaafu, magoti yenyewe hayo," akasema. "Nani atakuja kumvua mtoto wake nguo?"

Nilitaka kumtajia mmoja wenu, na sikuwa na jina hata moja.